Filingi nyeupe ya elfu sita imetoka na ugali baada ya miezi minne. Hiyo gundi hushika aje kwa jino?

Mkaaji_Umoja2

Wadau habari za jioni. Naomba mtu anayejua anijibu bila kunicheka. Mwezi wa pili nilizibwa gego la chini kulia, la pili kutoka nyuma, lilikuwa limetoboka ubavuni pale linapogusana na jirani yake, tundu likashuka hadi karibu na fizi. Kliniki iko huku Eastlands, siitaji jina ju bado sijaenda kuwauliza. Nikalipa elfu sita nikaambiwa hii ni ile nyeupe ya kisasa, kompoziti, inashikana na jino inakuwa kitu kimoja. Haya. Jana usiku nakula ugali na sukuma, si mfupa, si nyama choma, UGALI, nikasikia kitu kigumu kwa ulimi, kutema ni filingi nzima kama punje ya mahindi, haijavunjika hata pembe.

Vile walifanya: siku ya kwanza walichimba wakaweka dawa nyeupe ya muda, ilikuwa inanuka karafuu, nikakaa nayo wiki mbili. Nikarudi wakaitoa, wakapaka kitu ya bluu kama jeli ya nywele, wakasafisha na maji, wakapuliza hewa. Hapo katikati simu ya daktari ikalia akatoka kidogo, mdomo ulikuwa umechoka nikafunga nikameza mate nikapumzika. Akarudi akapaka maji maji na kiburashi, akamulika taa ya bluu, akajaza, akamulika tena, tukamaliza. Fizi ilikuwa inatoka damu kidogo lakini alikuwa ameweka pamba.

Sasa mamangu ako na ile ya fedha, nyeusi nyeusi, aliwekwa 1999 na bado anatafuna nayo njugu. Hiyo gundi yangu ilikuwa feki? Na mtu akiirudisha na supaglu itakaa? Naulizia tu msinitukane.

Mbishi_Halisi

Supaglu 😂😂😂 ng'oa hiyo kitu ndugu, gego la nyuma nani analiona. Hizi nyeupe ni za kuuza sura, biashara tu.

Fundi_Rangi_Grogan

Pole sana kaka. Mimi si daktari, mimi ni mtu wa rangi za magari hapa Grogan miaka kumi na mbili, lakini hii stori yako naijua. Gari ikiletwa rangi imebanduka mwenyewe anakuja akilaumu rangi, ati rangi ilikuwa feki. Mara nyingi rangi haina makosa. Mimi huchukua kile kipande kimebanduka nakigeuza naangalia mgongo wake. Kama mgongo uko laini unang'aa, basi bodi haikupigwa msasa ama ilikuwa na mafuta ama unyevu, rangi ilikaa juu tu kama mgeni, haikushika. Kama imepasuka katikati, nusu imebaki kwa bodi, hapo sasa ndio unaweza kushuku rangi yenyewe. Hebu geuza hiyo filingi utuambie chini iko aje.

Mkaaji_Umoja2

Nimeiangalia na tochi ya simu. Chini laini kabisa, inang'aa kiasi, na ule upande ulikuwa kwa fizi uko na rangi ya kijivu kama uchafu umeingia.

Kinywa_Safi

Fundi wewe ungekuwa daktari wa meno, sikutanii. Mimi ni afisa wa afya ya kinywa, nilisomea KMTC, kile chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, nimeziba meno ya watu miaka minane sasa, na hicho kipimo chako cha kugeuza mgongo ndicho hata sisi tunaangalia. Tena hujui umegusa asili yenyewe. Huyu jamaa alianzisha mambo ya kugandisha resini kwa jino, yaani ile plastiki ya maji maji inayoganda, Michael Buonocore kule Rochester, New York, wazo alilichukua kwa watu wa rangi! Viwandani walikuwa wanapaka chuma asidi ya fosforiki ndio rangi ishike. Yeye mwaka 1955 akachapisha kwamba ameipaka kwa meno, asidi ya asilimia 85, sekunde 30, na akriliki ikashika kuliko kwa jino lisilopakwa. Siku hizi tunatumia ya asilimia 35 hadi 37, hiyo jeli ya bluu. Bluu ni ili tuone imefika wapi na kama imeoshwa ikaisha.

Sasa Umoja nisikilize vizuri ju jibu lako umeshalitoa mwenyewe na hukujua. Ngozi ya juu ya jino, enameli, ni karibu madini matupu, kama asilimia 96 kwa uzito. Asidi ikiipata inaila kidogo sana, mikroni kama 10 (mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu), na inaacha uso umechimbika vitundu vitundu huwezi kuviona kwa macho. Jino likikauka linageuka jeupe kama chaki. Ile resini ya maji maji inaingia kwa hivyo vitundu, taa inaigandisha ikiwa ndani, inakuwa kama mizizi. Kwa hivyo sio gundi ya kunata kama ya fundi viatu, ni kung'ang'ania kwa mizizi, midogo lakini mingi ajabu. Pale pana enameli nzuri na kavu mimi nalala usingizi.

Halafu wewe baada ya asidi kuoshwa ukafunga mdomo ukameza mate. Ndugu yangu. Mate yana protini, zikigusa ule uso uliochimbwa zinaufunika sekunde hiyo hiyo, vitundu vyote vinazibwa na utando, na huwezi kuutoa kwa kupuliza hewa tu. Kilichotakiwa ni kuosha, kukausha, kurudia asidi sekunde chache, kuosha tena, ndio uendelee. Si kosa lako, mgonjwa hajui, yule aliyeshika simu ndiye alitakiwa kujua. Na hiyo damu ya fizi ni mbaya kuliko mate.

Supaglu usijaribu. Haitakaa sawasawa, itafungia vijidudu ndani, na utaniletea jino la kung'oa. Suuza na maji ya chumvi, tafunia upande ule mwingine, uende wiki hii, usingoje ianze kuuma.

Mkaaji_Umoja2

Aki mungu. Yaani elfu sita imeenda ju ya kumeza mate. Lakini sasa daktari wangu si ametuambia sijui mara ngapi "kavu kavu kavu" na hewa ilikuwa inapulizwa mpaka jino linashtuka, mbona kukauka kote huko hakukusaidia? Na ya mama imekaaje miaka zaidi ya 25, hiyo walipaka asidi gani 1999?

Kinywa_Safi

Ya mama hawakupaka kitu. Amalgamu haishikani na jino hata kidogo. Ni unga wa fedha na bati na shaba ukichanganywa na zebaki, karibu nusu kwa nusu, unapondwa ndani ya tundu. Fundi atanielewa: tundu linachongwa chini pana kuliko mdomoni, kama chungu, ikiganda haina pa kutokea. Na inavyokaa miaka inapata kutu yake pale pembeni, hiyo kutu inaziba mwanya. Haijali sana unyevu. Ila ili utengeneze hicho chungu unachonga na jino zima lisilo na ugonjwa, ndio meno mengine ya wazee wetu yana vizibo vikubwa na kuta nyembamba kama ganda la yai, siku moja ukuta unapasuka. Na kuna zebaki, ndio dunia inaiondoa pole pole tangu Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa mataifa kupunguza zebaki. Kwa hivyo usimuonee mama wivu sana.

Hiyo ya kukausha ndio ngumu hata kwetu sisi, wengi tunaikosea. Chini ya enameli kuna dentini, na dentini ni kitu kingine kabisa. Madini ni kama asilimia 70, kinachobaki ni nyuzi za kolajeni na maji. Ina mirija midogo inashuka hadi kwa mshipa, kwa milimita moja ya mraba unahesabu makumi ya maelfu, na ndani ya mirija kuna majimaji. Yaani ni ukuta unaotoka jasho saa zote, na wewe unataka upake resini isiyopenda maji.

Ukipaka asidi kwa dentini madini yanaondoka zinabaki nyuzi. Fikiria dodoki. Likiwa na unyevu linasimama, limejaa nafasi, unaweza kumimina kitu kikapita ndani. Likikauka kabisa na kukandamizwa linalala bapa kama karatasi, ukimimina kitu kinabaki juu. Ndivyo kolajeni inavyofanya ukipuliza hewa mpaka mgonjwa anaruka. Resini haiingii, chini panabaki nyuzi zisizo na kitu, hapo ndipo jino linashtuka ukinywa maji baridi na baada ya muda zinaoza, tena mate na dentini yenyewe zina vimeng'enya vya kuzila. Ukiacha maji mengi pia umeharibu, resini inachanganyika na maji inakuwa uji. Inatakiwa ing'ae kidogo tu, unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Hiyo sehemu resini na nyuzi zinachanganyika ni mikroni chache tu, Nobuo Nakabayashi wa Japani ndiye aliieleza mwaka 1982, kabla ya hapo watu walikuwa wanabahatisha.

Na tundu lako liko ubavuni limeshuka karibu na fizi. Huko chini enameli ni nyembamba ama haipo kabisa, sakafu yote ni dentini, unyevu unatoka fizini, damu, na taa haifiki vizuri. Hapo ndipo pagumu kuliko kote mdomoni. Hiyo kijivu umeona iko upande wa fizi ni maji yalianza kupita huko zamani, huenda wiki za kwanza kabisa, ugali umemalizia tu.

Fundi_Rangi_Grogan

Kumbe ni sisi 😂 nitawaambia hapa gereji kesho. Lakini afisa, swali: sisi rangi ikipakwa nene siku moja inajivuta inapasuka. Hiyo resini haijivuti?

Kinywa_Safi

Inajivuta ndio. Ikiganda inapungua ujazo kama asilimia 2 hadi 3, nyingine zaidi. Inaonekana kidogo lakini iko ndani ya shimo imeshikwa pande kadhaa, ikijivuta inavuta kuta zote kwa pamoja, pale palipo dhaifu panaachia, na mara nyingi ni sakafu. Ndio tunajaza tabaka tabaka, milimita 2 kisha taa, 2 kisha taa. Zipo za kujaza milimita 4 kwa mara moja, zimetengenezwa hivyo, sio kila moja. Umoja umesema "akajaza, akamulika tena, tukamaliza", kama hiyo ilikuwa mara moja kwa tundu la kina hicho basi nina wasiwasi na hilo pia, ila sikuwepo siwezi kuapa.

Na taa si ya joto jamani, kuna watu hudhani inakausha kama draya ya saluni. Ni mwanga wa bluu unaoamsha kemikali ndani ya resini. Taa ikichoka ama ncha yake ikiwa na uchafu wa resini iliyoganda, juu panakuwa pagumu chini pamebaki laini, na mgonjwa anaondoka akifurahi.

Bi_Rehema_SouthB

Assalaam aleikum. Mie nimesoma hapo kwenye dawa ya kunuka karafuu nikastuka. Kwetu Mombasa jino likiuma dawa ya kwanza ni karafuu, bibi yangu alikuwa akiziponda akikutia na pamba ukanyamaza saa hiyo hiyo. Mwanangu ana miadi Jumanne ya kuzibwa jino na mie tangu juzi namtia mafuta ya karafuu. Je nimeharibu?

Kinywa_Safi

Waaleikum salaam Bi Rehema. Hujaharibu ila acha kuanzia leo na umwambie daktari. Kwenye karafuu kuna yujenoli, ndiyo inayotuliza maumivu, bibi alikuwa sahihi kabisa, na ile dawa ya muda ya Umoja ni hiyo yujenoli iliyochanganywa na oksidi ya zinki. Shida ni kwamba resini hugandishwa na chembe ambazo yujenoli inazikamata na kuzizima, kwa hiyo ikibaki ndani ya dentini resini ya juu yake inaweza kubaki laini. Daktari akichonga kidogo ile sehemu ya juu, akapaka asidi na kuosha vizuri, mengi yanatoka. Kwa Umoja sidhani karafuu ndiyo mkosaji mkuu baada ya stori ya mate. Lakini ikiwa kompoziti inafuata mimi hupendelea dawa ya muda isiyo na yujenoli, kwa nini nijitafutie kesi.

Halafu usimwekee mtoto mafuta yenyewe kwa fizi, yanachoma.

Bi_Rehema_SouthB

Ahsante mwanangu, Mungu akuweke. Nimeficha chupa maana baba yake naye ana imani.

WaNjoro

Nimekuja kuchelewa lakini niongeze hii ju hakuna mtu ameitaja. Sisi watu wa bonde la ufa meno yetu ni ya kahawia, maji ya visima yana floraidi nyingi ju ya mawe ya volkano, WHO wanasema mwisho ni miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima huku kwetu vinapita hapo mbali sana. Mimi nimekulia Njoro nikihamia Nairobi kutafuta kazi nikaona nikicheka watu wanaangalia meno, nikachanga pesa nikapakwa kompoziti meno manne ya mbele yaonekane meupe. Wiki ya tatu moja likabanduka kwa mkutano, nimeshika kipaza sauti, nikameza. Ndio, nikameza 😅. Daktari wa pili ndiye alinieleza kwamba enameli iliyokunywa floraidi juu inakuwa sugu kwa asidi, ile jeli ukiiweka sekunde za kawaida haichimbi vya kutosha. Huyu akachonga tabaka ya juu kidogo sana na akaacha asidi ikae zaidi. Mwaka wa tatu sasa hazijatoka, moja tu imebadilika rangi ju ya chai. Kwa hivyo watu wa Nakuru, Naivasha, hata nyinyi wa visima vya Kitengela, mwambieni daktari mapema mmekulia wapi.

Kinywa_Safi

WaNjoro umenikumbusha kitu muhimu. Nawapata wengi hivyo. Na watu msiende kung'arishwa meno leo kisha kesho mnataka kubandikwa kompoziti, ile dawa ya kung'arisha inaacha oksijeni ndani ya jino na oksijeni inazuia resini kuganda. Ngojeni wiki mbili hivi.

Mbishi_Halisi

Kwa hivyo mate ni mbaya, damu ni mbaya, hewa nyingi mbaya, hewa kidogo mbaya, karafuu mbaya, maji ya Nakuru mbaya. Si ndio nilisema ng'oa 😂 hii kitu haiwezi maisha ya hapa.

Kinywa_Safi

Inaweza, nina wagonjwa wako na zao tangu mwaka wangu wa kwanza kazini. Ninachokubaliana na wewe ni kwamba haisamehi haraka. Mtu anayeziba ishirini kwa asubuhi moja hawezi kuifanya vizuri, hata awe nani. Pale siwezi kupakausha mimi natumia dawa nyingine ya kuziba, glasi ayonoma. Hiyo inashikana na kalsiamu ya jino kwa kemia bila asidi ya bluu, unyevu kidogo haiogopi sana, na inatoa floraidi. Hapo jirani Tanzania miaka ya katikati ya 80 ndipo ile njia ya kuziba kwa vifaa vya mkono tu, bila stima bila drili, ilianzia, na dawa iliyokuja kuibeba ni hiyo. Udhaifu wake ni kwamba kwa gego linalotafuna inalika, haina nguvu za kompoziti.

Umoja kama utaogopa kurudi pale pa kwanza, kuna hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Argwings Kodhek, wanafunzi wanakuziba walimu wakisimamia. Utakaa kitini mpaka uchoke lakini hawarukii hatua ju mwalimu anahesabu.

Mkaaji_Umoja2

Wadau nimerudi, ni siku tisa zimepita. Niliamua kwenda pale pale kwanza, nikabeba filingi yangu kwa karatasi kama ushahidi. Nikamwonyesha daktari mgongo wake, nikamwambia nilimeza mate wakati ametoka na simu. Akanyamaza. Halafu akasema "kaa". Hakunilipisha ila elfu moja ya picha, akitaka kuona kama kumeoza chini, na kweli palikuwa pameanza kidogo upande wa fizi.

Safari hii ilikuwa kitu kingine. Akachoma ganzi, akafunga ile shiti ya raba, jino likachungulia peke yake kama mtu dirishani, mimi hata ningetaka kumeza mate yasingefika kwa jino. Kaukanda ka chuma kakazungushwa kakabanwa na kabari ya mbao hapo chini. Huko karibu na fizi akaweka hiyo glasi ayonoma mnasema, juu yake ndio kompoziti, na nilihesabu taa mara sita. Simu yake ililia, akaiangalia, akaiacha ilie. Dakika hamsini na tano, mgongo uliniuma kuliko jino.

Maji baridi siku ya kwanza na ya pili yalikuwa yananishtua kidogo, sahii hapana. Ila nikiuma naona kama hilo gego linafika kabla ya mengine, ni kawaida?

Kinywa_Safi

Si kawaida, iko juu kidogo, ulikuwa na ganzi hukuweza kusikia. Rudi akupe ile karatasi ya rangi uume, achonge pale paliposhika rangi. Ni dakika tano na hatakiwi kukulipisha. Ukiiacha jino litaanza kuuma ukitafuna na utadhani ni filingi tena.

Fundi_Rangi_Grogan

Na elfu moja ya picha omba risiti.

Mkaaji_Umoja2

Naenda kesho saa nne kabla ya kazi. Risiti ninayo fundi 😂. Ile filingi ya zamani mama amesema niitupe, nimeiweka kwa droo.